Mwanafunzi Aliyezidi

Shule ikifungwa, wenzake walikwenda nyumbani, yeye alikwenda kazini. Ndivyo alivyopenda kusema, huku kidevu kakiinua. Alizunguka nyuma ya duka la misumari na mabati, akapanda ngazi ya chuma iliyolia chini ya viatu vyake kama paka aliyekanyagwa mkia, akasukuma mlango bila kubisha. Huko juu, katika chumba chenye dirisha moja na feni iliyotikisa kichwa kama mzee anayekataa posa, mama yake mdogo alitengeneza programu za simu.

Majirani hawakuielewa kazi hiyo. Hapakukosa mtu wa kupanda ngazi na simu iliyopasuka kioo au iliyotumbukia ndooni, akiomba irudishiwe uhai. Mama mdogo aliwarudisha kwa upole. Aliwaambia yeye si mganga wa simu, ni mwalimu wa simu. Simu zinazaliwa hazijui kitu, yeye anazifundisha kazi.

Binti mwenyewe aliitwa Chapuchapu. Jina hilo alipewa na bibi yake, maana tangu utotoni alikula chapuchapu, akaoga chapuchapu na masikio yakabaki makavu, akasali chapuchapu mpaka Mungu mwenyewe, alisema bibi, abaki anauliza huyu kasema nini. Ile methali ya haraka na baraka alikwisha kuambiwa mara nyingi hata ikawa kama mlio wa feni: ipo, lakini haisikiki. Hata hivyo kichwa chake kilikuwa chepesi. Wakati wa likizo mama mdogo alimfundisha kuandika amri fupi fupi za kompyuta, akamwekea kiti chake mwenyewe kwenye meza ndefu. Kiti kile Chapuchapu alikipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho duniani.

Kazi ilikuwa na taratibu zake. Kwanza mama mdogo aliandika amri kwenye kompyuta. Kisha alizijaribu kwenye simu iliyochorwa ndani ya kioo cha kompyuta hiyo hiyo. Simu hiyo, alisema, haichoki, haiishiwi chaji wala haiangushwi chooni, na ndiyo maana si ya kuaminiwa. Baada ya hapo programu ilipelekwa kwenye simu za kweli, zilizopangwa mezani kama ukoo kwenye picha ya harusi: nzee iliyokwenda kwa kukohoa, ndogo ya bei rahisi, yenye ufa usoni, isiyotunza chaji, na nyinginezo. Kila badiliko, hata la nukta moja, liliwekwa pamoja na sentensi fupi ya kueleza limefanya nini, ili mwenzako akija kesho asitembee gizani.

Tena kulikuwa na desturi moja iliyomchekesha kila aliyeisikia. Programu ikihitaji watu wa kujaribia, watu wasiokuwepo, mama mdogo aliwabatiza kwa vyombo vya jikoni. Palikuwa na Bwana Sufuria, Bibi Mwiko, na watoto wao Kijiko na Chujio. Sababu yake haikuwa mzaha. Programu ikikaribia kutoka, aliwatafuta wote wenye majina ya jikoni akawafuta, asije mtu wa uongo akaponyoka kwenda kuishi na watu wa kweli.

Muhula ule walitengeneza programu ya mahudhurio kwa ajili ya shule ya Chapuchapu. Kila mwanafunzi alipewa kadi yenye miraba myeusi midogo midogo. Mwalimu alielekeza simu kwenye kadi, simu ikasema "Yupo", na hesabu ikapanda kwa mmoja. Hesabu ikifikia idadi ya darasa, kioo kiligeuka kijani na kuandika: Wote wapo. Toleo hilo la kwanza lilihesabu tu. Majina ya waliokosekana yangekuja katika toleo la pili.

Ile sauti ya "Yupo" ilikuwa ya Chapuchapu. Aliirekodi amejifunika blanketi zito ili makelele ya barabarani yasiingie, na blanketi likaifanya sauti iwe nzito na ya mbali, kama ya mtoto anayesema kutoka chini ya sakafu. Mama mdogo aliposikia alikunja uso, akasema irudiwe. Chapuchapu akasema inatosha, na kwa kuwa kazi zilikuwa nyingi, ikatosha.

Kilichobaki kilikuwa majaribio. Ilitakiwa kuzima mtandao kwenye simu, kuonyesha kadi, kuwasha mtandao, kungoja, halafu kuangalia kama mwanafunzi amehesabiwa mara moja tu. Kisha simu ya pili. Kisha ya tatu. Kisha zote tena tangu mwanzo. Chapuchapu alifanya simu ya kwanza na nusu ya pili, mikono ikaanza kumwasha kwa uchovu wa kungoja. Ndipo akapata akili, au alichodhani ni akili. Aliandika amri ndogo: kila mtandao unaporudi, mwanafunzi mmoja wa majaribio ahesabiwe mwenyewe, pasipo kadi wala mkono wa mtu. Majina ya jikoni alikwisha kuyachoka, kwa hiyo huyu wake alimwita Kimya. Akaegemea kiti akila mkate, huku simu zikisema moja baada ya nyingine, "Yupo. Yupo. Yupo."

Kwenye ile sentensi fupi hakuandika alichofanya. Alijua mama mdogo akiona neno hesabu atasimama na kusoma kila mstari. Akaandika: Nimepanga rangi za vitufe.

Mama mdogo alikuwa anaharakishwa na mwalimu mkuu. Alimuuliza kama amejaribu simu zote kwa mkono. Chapuchapu akasema zote. Alimuuliza kama ameondoa vitu vyake. Akasema ameondoa, na moyoni alikusudia kuondoa kesho. Mama mdogo akawatafuta Sufuria, Mwiko, Kijiko na Chujio, akawafuta. Kimya hakuwa na jina la jikoni. Akatoka pamoja na programu.

*

Asubuhi ya kwanza darasani kila kitu kilikwenda kama maji kwenye mfereji. Watoto walipita mbele ya mwalimu wa darasa mmoja mmoja, simu ikawaita mmoja mmoja, wakaketi. Mwalimu akaweka simu mezani, akachukua chaki, akageukia ubao.

"Yupo," ikasema simu.

Hakuna aliyekuwa amesimama. Mwalimu aliangalia mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Aliangalia simu. Darasa lilikuwa na watoto thelathini na wanane, na kioo cha kijani kilisema thelathini na tisa. Akawahesabu kwa kidole, akapata thelathini na wanane, akatikisa kichwa, akaendelea na hesabu za sehemu.

Siku ya pili haikusema mapema. Ilingoja mpaka katikati ya somo la historia, watoto wameinama wakiandika, pasisikike ila kalamu. Ndipo ile sauti ikatoka, nzito, ya chini ya sakafu: Yupo. Msichana wa dawati la mbele akaangusha rula. Siku ya tatu ilisema wakati mwalimu ametoka nje, na darasa zima likabaki likiitazama simu ile kama mtu anavyomtazama nyoka aliyelala.

Chapuchapu alijua. Mtandao wa shule ulikuwa wa kuja na kuondoka, na kila uliporudi, Kimya naye alirudi. Yeye ndiye aliyemwandika kwa vidole vyake, tena kwa sauti yake mwenyewe. Lakini hata yeye aliyejua aliogopa. Sauti haikufanana tena na yake. Kila siku ilionekana kama imesogea karibu kidogo.

Palikuwa na mvulana aliyeitwa Redio, maana hakuna aliyewahi kumwona amezimwa. Redio hakuhitaji siku nyingi kupata maelezo. Alisema hapo zamani kulikuwa na mwanafunzi aliyeketi dawati la nyuma kabisa, lile lenye mguu mfupi, akafa likizo ikiwa imeanza, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba shule imefungwa. Sasa kasikia watu wanaitwa, naye anaitika. Kuanzia siku ile hakuna aliyeketi dawati lile. Lilibaki tupu, na watoto walipolipita waliinua miguu kama wanaovuka dimbwi.

Aliyemwamini zaidi alikuwa Nukta. Alikuwa mdogo kuliko wote, mpole, mwenye sauti ya kuazima, akikaa mahali unaweza kukaa juu yake bila kujua. Alimfuata Chapuchapu wakati wa mapumziko akamuuliza, kwa kuwa yeye anazijua simu, kama ni kweli kuna mtoto. Chapuchapu alitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye meno. Badala yake akacheka, akamwambia akamuulize mwenyewe.

Mwalimu alipeleka malalamiko kwa mama mdogo: simu inahesabu mmoja zaidi. Jioni ile mama mdogo alimgeukia Chapuchapu akamuuliza anafikiri nini. Hapo ndipo uongo wa pili ulipozaliwa, na wa pili huzaliwa bila uchungu. Chapuchapu akasema labda kadi moja inasomwa mara mbili.

Mama mdogo akaamini. Akaanza kuwinda kosa ambalo halikuwepo. Alifungua sehemu ya kusoma kadi, akaipangua, akaipanga upya, akaijaribu, akaipangua tena. Macho yakawa mekundu kama ya mpishi kwenye moshi wa kuni. Chapuchapu alimtazama kutoka kwenye kiti chake akihisi kama ameketi juu ya makaa. Alikumbuka kijana aliyekuwa msaidizi hapo kabla. Kijana yule alisema amejaribu kitu ambacho hakukijaribu. Mama mdogo hakumfokea. Alimfungulia mlango tu, na ile ngazi ikalia chini ya miguu yake mara ya mwisho. Chapuchapu akaapa kwamba siku ambayo mama mdogo atatoka kidogo, ataifuta ile amri kimyakimya, na hakuna atakayejua. Mama mdogo hakutoka.

*

Ijumaa darasa lilikwenda kutazama tangi kuu la maji la mji. Lilikuwa limechimbwa chini ya kilima, na kila siku lilijaa mpaka juu. Lakini wiki ile lilikuwa limekaushwa ili lisafishwe, na fundi wa maji alikubali watoto waingie waone maji yao yanalala wapi.

Kwenye mlango wa basi mwalimu alielekeza simu kwenye kadi, mmoja mmoja. Wote walipokwisha kuketi, "Yupo" moja ikatoka peke yake. Thelathini na tisa. Redio akasema kwa sauti ya juu kwamba yule wa dawati la nyuma naye kalipiwa nauli. Watu wakacheka kicheko cha kujikaza. Mwalimu akawahesabu vichwa, akapata thelathini na wanane, akasema simu hii inahesabu na vivuli, twendeni.

Waliingia kwa mlango mdogo wa chuma na kushuka ngazi zilizolowa. Chini kulikuwa na giza ambalo taa za fundi zililitoboa tu, hazikulifukuza. Nguzo zilisimama safu kwa safu mpaka macho yakazipoteza. Sakafu ilimeta. Palinuka mawe na baridi. Na kila neno lililosemwa halikufa: lilikwenda, likagonga ukuta usioonekana, likarudi, likapita kichwani, likaenda kuongea na jingine huko kwingine. Fundi alipiga kofi moja, na kofi likarudi kama watu mia wanaopiga makofi nyuma ya pazia.

Redio aliinama kwenye sikio la Nukta. Alimwambia hapa ndipo mahali pa kumuuliza yule mtoto, maana hapa anajibu. Chapuchapu alisikia, akaona uso wa Nukta ulivyokauka, akageuza macho.

Walipanda wakakuta mvua imeanza, mvua ya matone mazito, ikipiga mabati ya kibanda cha fundi. Fundi aliwahimiza. Alisema analifunga tangi, na baada ya dakika chache atafungulia maji, mji umekaa na kiu ya kutosha. Watoto wakakimbilia basi wamefunika vichwa kwa mabegi. Mwalimu alisimama mlangoni akaanza hesabu upya, akiikinga simu kwa koti. Kadi, yupo. Kadi, yupo. Kadi, yupo. Mlango ulipokuwa mtupu, mvua tu ikiingia, simu ikasema tena, "Yupo."

Kioo kikawa kijani. Thelathini na wanane. Wote wapo.

"Leo imetubu," alisema mwalimu akipangusa maji usoni. "Hesabu imetimia. Dereva, twende."

Injini ikanguruma. Darasa likapiga makofi. Chapuchapu, kiti cha tatu kutoka mbele, alikuwa amekwisha kuinua mikono apige naye, mikono ikakwama hewani.

Asubuhi walikuwa thelathini na wanane, simu ikasema thelathini na tisa. Sasa simu inasema thelathini na wanane. Na Kimya ameitika. Amemsikia kwa masikio yake, mlango ukiwa mtupu. Ndani ya tangi hakuna mtandao, wamepanda, mtandao umerudi, naye amerudi. Hesabu iliyotimia ndiyo iliyopungua.

Akageuka. Mabegi yalirundikwa kwenye viti vya nyuma, watoto wamebanana, wengine wamehama viti kukwepa madirisha yanayovuja. Ungewezaje kumwona asiyekuwepo? Akajiambia mwalimu atahesabu vichwa. Mwalimu aliketi, akafunga mkanda. Akajiambia labda amekosea kusikia. Basi likaanza kujongea. Akiongea, ataulizwa kajuaje. Akiulizwa, atajibu. Akijibu, kile kiti kwenye meza ndefu si chake tena. Alikiona kiti, na feni, na zile simu. Halafu akaona mlango mdogo wa chuma, na mkono wa fundi ukizungusha gurudumu la maji.

Akasimama.

"Mwalimu, dereva asimame. Kuna mtu amebaki."

"Keti, binti. Simu imesema wote wapo."

"Simu inasema uongo, Mwalimu." Chapuchapu alishika kiti cha mbele. "Mimi ndiye niliyeifundisha. Yule anayezidi kila siku ni wangu, nilimtunga. Ukimtoa yeye, tumepungua mmoja."

Mwalimu alimtazama, kisha akainuka na kuanza kugusa vichwa, kimoja kimoja, midomo ikicheza. Alipofika nyuma, alikuwa amehesabu thelathini na saba.

"Nukta yuko wapi?" aliuliza.

Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa amezimika.

Mwalimu aliruka kabla basi halijasimama vizuri, Chapuchapu nyuma yake. Walimkuta fundi kwenye kibanda, mkono juu ya gurudumu, maji tayari yameanza kulia ndani ya bomba. Aliposikia neno mtoto hakuuliza la pili. Aliligeuza gurudumu kwa uzito wote wa mwili wake mpaka bomba likanyamaza, akachukua taa na ufunguo.

Chini, maji yalikuwa yamekwisha kufunika sakafu, membamba, meusi, yakitambaa kati ya nguzo. Mwalimu akaita. Tangi likaita naye, pande zote, sauti juu ya sauti, hata ungedhani kuna walimu kumi wanaotafuta watoto kumi. Mahali fulani ndani ya makelele yale kulikuwa na kilio chembamba, lakini kilitoka kulia, kisha kushoto, kisha nyuma yao. Fundi akawaashiria wanyamaze. Wakangoja mpaka mwangwi wa mwisho ukajilaza. Ndipo kilio kikasikika peke yake, kutoka upande wa mbali wa nguzo.

Nukta alikuwa ameketi kwenye mfereji wa kutolea maji, mguu umebanwa kati ya vyuma vya kifuniko, maji yakimlamba magoti. Alibaki nyuma ili aulize lile swali. Aliuliza, "Upo?" na ukuta ukamjibu kwa sauti nyingi. Akakimbia gizani, akateleza. Baada ya hapo kila alipoita msaada, tangi liliita pamoja naye, hata akaogopa sauti yake mwenyewe, akanyamaza. Mlango ulifungwa akiwa amenyamaza.

Fundi aliutoa mguu kwa utaratibu, akambeba begani. Chapuchapu alishika kiatu kilicholowa.

*

Mama mdogo aliyasikia yote jioni ile ile, kutoka kwa Chapuchapu mwenyewe, aliyeyasimulia amesimama mlangoni kwa sababu hakuthubutu kuketi. Alisimulia ile amri, ile sentensi ya rangi za vitufe, na ule uongo wa kadi. Alipomaliza, mama mdogo akasema hata yeye ana sehemu yake: alisoma sentensi bila kusoma kilichokuwa chini yake, kwa kuwa mwandishi alikuwa mtoto wa dada yake. Akawapigia simu mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, akawaomba waizime programu mpaka awaambie, na tangu sasa, hata ikiwashwa, vichwa vihesabiwe kwa macho ya mtu.

Kisha akamwamuru Chapuchapu aketi. Amri ile ikatafutwa, ikafutwa, na safari hii sentensi yake ikasema kweli tupu. Sauti ikarekodiwa upya bila blanketi. Halafu wakaanza majaribio kwa mkono, simu baada ya simu, mtandao ukizimwa na kuwashwa. Mama mdogo aliweka na sheria mpya: aliyeandika badiliko si yeye atakayelijaribu, hata akiwa yeye mama mdogo.

Lakini kazi haikuishia mezani. Kesho yake mama mdogo alimpeleka nyumbani kwa akina Nukta. Mama yake Nukta alikuwa mshonaji. Walimkuta mtoto amelazwa kwenye kiti kirefu, mguu umefungwa bendeji, na mama yake kaacha cherehani. Mama mdogo alimsukuma Chapuchapu kidogo mgongoni.

Chapuchapu alisimulia mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Nukta alikuwa anasikiliza. Alimwambia hakuna mtoto. Hakukuwa na mtoto tangu mwanzo, na siku ile ya mapumziko alijua hivyo, akanyamaza. Nukta alifikiri kidogo, akauliza kama sasa anaweza kukaa lile dawati la nyuma, maana liko karibu na dirisha. Chapuchapu akasema anaweza. Akashindwa kujizuia, akalia.

Mama yake Nukta alimwacha alie. Kisha akamwita karibu, akamshika mkono.

"Mwanangu, mimi jana nilikuwa nimesimama mlangoni naliangalia basi linakuja," alisema. "Ningemngoja huyu mpaka lini? Watu watakusifu kwamba ulisema kweli, na mimi nakushukuru, maana bila neno lako nisingekuwa na mtoto. Lakini usilale juu ya sifa hiyo. Kweli ni kama dawa. Ungeisema siku ya kwanza, ingekuwa kidonge. Ulipoichelewesha ikataka kisu. Kazi uliyopewa uifanye yote, na ambayo hukuifanya useme sikuifanya. Kuna watu usiowajua wameegemea kwako."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Mama mdogo akaaga, wakatoka. Njiani Chapuchapu hakutangulia kama ilivyokuwa kawaida yake. Walipofika kwenye njia panda, akauliza kwa sauti ya chini kama simu zilizobaki wanazijaribu leo au Jumatatu.

Mama mdogo akasema leo. Akasema watachukua muda mrefu, na hakuna ubaya.